Mwisho wa reli napo ni Tanzania: barua ya wazi kwa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama.
Nakala: Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Mimi ni wakala wa forodha. Kwa miaka thelathini na miwili nimekuwa nikigomboa mizigo katika bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya makontena yanayopita mikononi mwangu hayabaki nchini. Hupigwa lakiri, hupakiwa kwenye malori, yakaelekea Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi, na mimi hubaki na nakala za nyaraka na vumbi. Najua kwa hesabu ya mfukoni mwangu maana ya yale mnayoyaita diplomasia ya uchumi, kwa sababu jirani akinuna, simu yangu hainyamazi kwa wiki nzima, na jirani akicheka nalipa karo za watoto kwa wakati.

Mimi pia ni Mha wa Kasulu, mkoani Kigoma, jirani na Burundi. Hapa mjini watu wa kwetu wamezoea kutaniwa kwa maneno ya “Kigoma mwisho wa reli”, nasi tumezoea kucheka pamoja na wanaotutania, kwani reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na hatuoni aibu ya kukaa mahali inapoishia. Ninachowaandikia leo ni utani huo unapohama kijiweni na kuingia ndani ya ofisi ya serikali, ukavaa sare, ukageuka swali kuhusu uraia wetu, swali ambalo halina mwisho.

Mwaka juzi binti yangu alikwenda katika ofisi moja ya wilaya hapa jijini, ambayo sitaitaja, kuomba kitambulisho cha taifa. Amezaliwa Ilala, amesoma Buguruni, na Kigoma amekwenda mara mbili tu, zote kwa misiba. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nakala za vitambulisho vyangu na vya mama yake. Wenzake watatu waliotoka naye mtaani waliulizwa maswali mawili matatu, wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, wakaondoka. Karani alipofika kwenye jina la babu yake alinyanyua kalamu, akamwita mwenzake, na binti akaambiwa akae kwenye benchi la pembeni. Akaulizwa babu alizaliwa kijiji gani, mto gani unapita hapo, mwenyekiti wa kwanza wa kijiji hicho alikuwa nani, babu alizikwa upande gani wa nyumba. Kisha akaambiwa asalimie kwa lugha ya kwao. Binti huyu Kiha chake ni cha kuokoteza kwa bibi, akasema neno moja alilokuwa na hakika nalo: bwakeye. Afisa akamtazama mwenzake, akasema, “Hicho si Kirundi hicho?”

Waheshimiwa, angenyamaza angeambiwa hajui kwao. Aliposema akaambiwa kwao ni ng'ambo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kama vinavyosikilizana Kimakonde cha pande mbili za Ruvuma na Kikuria cha pande mbili za Sirari, na salamu hiyo ya asubuhi inasemwa Kasulu kama inavyosemwa Rutana, Burundi. Binti alirudishwa nyumbani na karatasi ndogo iliyokatwa kwa rula, imeandikwa kwa mkono: alete uthibitisho wa mahali alipozaliwa babu yake. Haikuwa na mhuri, jina la aliyeiandika, tarehe ya kurudi, wala sababu.

Tuchukue hilo la babu kwa uzito linaostahili. Marehemu babu yangu, ambaye ni baba wa babu yake huyu binti, alizaliwa wakati Wajerumani wakiitawala nchi iliyoziweka Tanganyika, Rwanda na Burundi chini ya bendera moja. Babu yake binti, yaani baba yangu mzazi, alizaliwa Kigoma ilipokuwa mikononi mwa Wabelgiji, waliokuwa wameishika tangu 1916 na wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Hakuvuka mpaka wowote. Mipaka ndiyo iliyomvuka yeye, akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Sasa tukitaka cheti chake cha kuzaliwa, tukakiombe Berlin, Brussels au London? Sheria yetu ya Uraia ya 1995 imelifikiria jambo hili kwa busara kuliko yule afisa, kwa sababu, kwa ujumla wake, inamhesabu raia mtu aliyekuwa amezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo, tangu usiku ule wa tarehe 9 Desemba 1961, bila kujaza fomu yoyote. Waliojenga taifa walielewa kwamba wananchi wao wengi hawakuwa na karatasi.

Simlaumu sana yule afisa. Alikuwa kijana mpole, na alimpa binti maji ya kunywa. Alifanya alichofundishwa, au tuseme alichoachwa akijifunze mwenyewe kwa kukosa kufundishwa. Kinachonisumbua ni kwamba kazi yake inaongozwa na hofu ambayo chanzo chake hakiko katika ofisi ile. Kiko katika namna tunavyojadili, au tusivyojadili, uhusiano wetu na majirani, na ndiyo maana naandika kwenu, kwa kuwa kamati yenu ndiyo inayokaa na wizara zote mbili, ya Nje na ya Ndani, juu ya meza moja.

Mei 2013, mjini Addis Ababa, Rais Kikwete aliishauri serikali ya Rwanda izungumze na waasi wake wa FDLR walioko Kongo. Ushauri ulipokelewa vibaya Kigali, na maneno makali yakafuata. Wakati huohuo wanajeshi wetu walikuwa mashariki mwa Kongo, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopigana na waasi wa M23. Julai mwaka huo, akiwa Kagera, Rais aliwapa wahamiaji haramu majuma mawili wawe wameondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilieleza kwamba inapambana na ujambazi na silaha haramu, na mtu yeyote aliyesafiri kwa basi kati ya Kibondo na Biharamulo katika miaka ile anajua kwamba ujambazi haukuwa hadithi. Mimi mwenyewe nimewahi kulala kifudifudi kwenye majani nikisikia begi langu likipekuliwa. Wala sidai kwamba mgogoro wa Addis ndio uliozaa operesheni. Ninachosema ni kwamba mambo hayo mawili yaliishi mwaka mmoja, katika vichwa vya watu walewale, na aliyelipa gharama ni mchungaji wa Karagwe aliyekaa nchini miongo kadhaa, akaoa hapa, akazaa hapa, kisha akavushwa mpaka bila ng'ombe wake na bila mkewe. Maelfu kwa maelfu walivuka. Sikumbuki Bunge likitenga siku moja kujadili ni wangapi kati yao walikuwa Watanzania.

Jambo hili halina chama wala cheo. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri si raia, akiwamo Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, na Timothy Bandora, aliyekuwa balozi wetu nchini Nigeria. Tafakarini hilo la pili. Tulimpeleka mtu akaiwakilishe nchi, akakabidhi hati zake kwa rais wa watu kwa niaba yetu, ndipo tukagundua kwamba hatumjui. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza ilipochapisha matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha kushuka kwa kukubalika kwa Rais Magufuli, mkurugenzi wake alinyang'anywa pasipoti kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Inawezekana kila shauri kati ya hayo lilikuwa na faili lake na sababu zake. Lakini mwananchi wa kawaida wa Kasulu au Ngara ametoka na somo moja tu: uraia wake ni wa kuazima, na anayeudai anaweza kuja siku yoyote.

Na sisi tunaofanya hivyo ndio tulioifundisha Afrika kinyume chake. Mji huu ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1963 hadi ilipofunga kazi 1994. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapa mwaka 1962. Mwaka huohuo Nelson Mandela, ambaye nchi yake isingempa pasipoti, alipita hapa akapewa karatasi iliyosema yeye ni raia wa Afrika Kusini na kwamba ana ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurudi. Tuliwapa wageni hati za kusafiria wakiwa hawana pa kuzipata kwingine, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Medali ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Ngara ikawapokea. Tusijisifu nusu, kwa kuwa Desemba 1996 tuliwarudisha Wanyarwanda kwa amri na kwa askari. Ila hata tukilitoa hilo, hakuna jirani anayeweza kutufundisha ukarimu.

Kilele chake kwangu si Nansen. Ni uamuzi wa kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 162,000 kwa mpigo, jambo ambalo nchi tajiri mara kumi yetu hazikuwahi kuthubutu. Uraia ulikubaliwa mwaka 2010, na hapo ndipo tukasita. Kwanza tuliwaambia watawanyike mikoa mingine, wakiacha mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Vyeti vikakaa makabatini miaka minne. Oktoba 2014 ndipo vilipoanza kugawiwa, tukakubali wabaki walipo. Nina wateja wa mpunga na tumbaku kutoka Ulyankulu. Ni watu wenye hati halali iliyosainiwa na serikali, na bado mkubwa wao mmoja, mzee wa makamo yangu, hutembea na cheti hicho ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha, ndani ya koti, hata anapokwenda kunywa chai. Nilimuuliza kwa nini asikiache nyumbani. Akaniambia, “Ndugu yangu, nyumba inaungua.”

Majirani zetu nao wanatutazama. Mwishoni mwa 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya huko Kenya, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, na Februari 2017 wakaanza kupewa. Januari 2023 Kenya ikawatambua rasmi Wapemba, wavuvi wetu waliohamia pwani yake, kuwa miongoni mwa jamii za nchi ile. Tulifurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini ujumbe wetu ukienda Nairobi kushukuru, utajibu nini mwenyeji akiuliza tunawafanyaje Waha?

Mtaniambia kwamba udanganyifu upo. Upo, na mimi ni shahidi wake. Katika kazi hii nimeona nyaraka za kughushi nyingi kuliko wengi wenu mtakavyoziona maisha yenu yote. Nimeona ankara ya gari iliyochapwa Kariakoo ikidai imetoka Yokohama. Kwa hiyo sitaki serikali ifumbe macho. Nataka iwatilie watu shaka kwa utaratibu, na utaratibu mzuri wa kutilia shaka tunao tayari, uko ofisini kwangu, nimeufanyia kazi kwa miaka ishirini.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inasema kwamba mtu asiyeridhika na uamuzi wa forodha anaweza kuomba mapitio ndani ya siku 30. Kamishna naye anatakiwa ajibu ndani ya siku 30, kwa maandishi, akitoa sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, anahesabika amelikubali ombi. Na akikataa, kipo chombo cha rufaa. Someni tena, Waheshimiwa. Kontena la mitumba lililokwama bandarini, ambalo halina mama wala kaburi la babu, ukimya wa serikali unalifungulia geti. Binti yangu alisubiri miezi kumi na minne, na ukimya wa serikali ulikuwa ndiyo jibu la hapana. Kwa muda wote huo laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la mama yake, jambo ambalo sheria hailipendi, akaunti ya benki hakufungua, na nafasi ya chuo aliyoipata mwaka wa kwanza ilimpita.

Yapo tofauti, nakiri. Kwenye forodha anayetakiwa kuthibitisha ni mwagizaji, na sina ugomvi na hilo, maana kontena halina nchi. Kwa binadamu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa kwetu Arusha, iliamua Machi 2018 kinyume cha hapo. Shauri lilikuwa la mtu aliyekwenda kushughulikia taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa, akaambiwa si raia, akasukumwa Kenya. Kenya nayo ikamrudisha, akaishia kwenye kipande cha ardhi kisicho cha mtu kati ya Sirari na Isebania, kwa miaka. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyekuwa akihesabiwa raia na mwenye nyaraka za nchi, serikali ikidai si raia, serikali ndiyo ithibitishe. Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Tumebaki wenyeji wa mahakama ambayo mwenye nyumba hawezi kubisha hodi. Wageni wa kikanda wanapotembezwa pale Arusha sijui wenyeji wao hueleza nini.

Ninayoomba yanatokana na hayo. Kanuni za kuhoji uraia ziandikwe upya ili kila anayetiliwa shaka apewe sababu kwa maandishi, zenye jina na cheo cha aliyezitoa. Uwekwe ukomo wa siku, na siku zikipita bila jibu aliyezaliwa na wazazi wenye vitambulisho vya taifa apewe chake. Maswali ya mito, makaburi na salamu yafutwe, kwa sababu hayamo katika sheria yoyote. Serikali irudishe tamko lake Arusha. Mjadala wa bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje utakapofika mbele yenu, mwiteni waziri wake pamoja na mwenzake wa Mambo ya Ndani siku hiyohiyo, mkaulize mambo mawili kwa pamoja: tunawaambia nini Burundi, Rwanda na Kongo, na wiki hiyohiyo tunawafanya nini watu wetu wanaofanana nao. Na anayetofautiana na serikali kwa hoja ajibiwe kwa hoja, uraia wake uachwe.

Mei 2025 Toleo la 2024 la Sera ya Mambo ya Nje lilizinduliwa hapa Dar es Salaam, na kubidhaisha Kiswahili duniani kumetajwa humo kama moja ya malengo. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini ofisini kwangu nimeona Kiswahili hicho kikitumika kama chekeche, ambapo herufi r na l za mtu, au namna anavyoburuta irabu, zinapimwa kama dhahabu ya bandia. Mkongomani anayekuja kuchukua mzigo wake anasifiwa kwa kujua Kiswahili. Mtu wa Kibondo mwenye lafudhi hiyohiyo anaulizwa amekuja lini.

Mkumbuke pia kwamba reli ya kisasa inajengwa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Ikimalizika, Kigoma haitakuwa tena mwisho wa reli, itakuwa njia panda, na kila siku watapita hapo watu wanaosalimiana kwa bwakeye kutoka pande zote. Tusipoweka utaratibu sasa, sijui maafisa wetu watamsimamisha nani na kumwacha nani.

Binti alipata namba yake ya kitambulisho mwezi wa kumi na nne, bila maelezo, kama alivyoikosa. Sitaki fidia. Ila katika kuhangaika kule tulipeleka cheti cha ubatizo cha baba yangu, nakala halisi ya mwaka 1941 kutoka parokia moja ya Kasulu, yenye mwandiko wa padri na kona moja iliyoliwa na mchwa. Waliipokea, wakaibana kwenye faili la kijani, na hatukupewa stakabadhi. Ndiyo karatasi pekee yenye jina lake tuliyo nayo. Naomba irudishwe.

Wenu mtiifu,
Wakala wa forodha, Buguruni, Dar es Salaam